Kukanda macho kwa joto: Nafuu ya jioni isikucheleweshe hospitali

Musoma. Giza linapoanza kuingia na mafundi cherehani wa mjini Musoma wanapofunika mashine zao, wengi hufanya jambo lilelile kabla ya kufunga mlango: hufumba macho na kuyabana kwa vidole kwa muda. Dereva wa Hiace aliyerudi Bunda kutoka Mwanza hufanya hivyo akishazima gari. Mwalimu wa Butiama aliyesahihisha madaftari ya darasa zima chini ya taa moja naye hufanya hivyo.

Macho yaliyochoka huomba kufumbwa, na kwa watu wengi huomba joto. Ndiyo maana tangazo la mashine ya kukanda macho huwakuta watu wa aina hii wakiwa tayari kutoa fedha. Kifaa hicho kinauzwa mtandaoni kama zawadi ya mama, ya mke au ya kijana anayeshinda kwenye kompyuta.

Kwa kukitazama kinafanana na miwani mikubwa ya kuogelea. Ndani kina kitambaa laini kinachopata joto na vifuko vya hewa vinavyojaa na kupungua ili kubana taratibu kuzunguka macho. Vingine hutetemeka, vingine hupiga muziki. Huchajiwa kama simu, na mtumiaji hukivaa kwa dakika 10 hadi 15 akiwa amejilaza.

Je, kinasaidia? Kwa uchovu wa aina fulani, ndiyo. Lakini nafuu hiyohiyo inapatikana kwa kitambaa safi na maji ya uvuguvugu, na kuna macho ambayo hayapaswi kubanwa kabisa. Kabla ya kununua au hata kuchemsha maji, familia inapaswa kujiuliza swali moja: macho haya yamechoshwa na nini?

Bibi alijua jambo

Kukanda si kitu kigeni katika nyumba za Mara. Mguu ukiteguka hukandwa. Mgongo ukikaza baada ya siku ya kulima pamba au mihogo, maji ya moto huwekwa jikoni. Mtoto akiota chokea kwenye kope, bibi hupasha kitambaa na kukigusisha pale penye uvimbe.

Katika hilo la chokea, bibi na hospitali wanakubaliana. Ushauri wa kwanza wa wataalamu wa macho kwa mwenye chokea ni kuikanda kwa kitambaa cha uvuguvugu mara kadhaa kwa siku, dakika tano hadi 10 kila mara, bila kuiminya wala kuitoboa. Chokea nyingi huisha zenyewe ndani ya wiki moja au mbili.

Sababu iko kwenye ukingo wa kope. Hapo kuna mstari wa tezi ndogo za mafuta, takribani 30 kwenye kope ya juu na pungufu kidogo kwenye kope ya chini. Tezi hizo zina jina la daktari Mjerumani, Heinrich Meibom, aliyezieleza mwaka 1666. Kila mtu anapopepesa, tezi huachia mafuta kidogo yanayotanda juu ya machozi kama mafuta yanavyotanda juu ya mchuzi. Utando huo huzuia machozi yasikauke haraka.

Mafuta hayo yanapokuwa mazito, tezi huziba. Machozi hukauka upesi, jicho huwasha na kuchoma kama lina mchanga, na jioni kope huwa nzito. Wakati mwingine jicho kavu hutiririsha machozi, jambo linalowashangaza wengi. Jicho linapoudhiwa na ukavu hujitetea kwa kumwaga machozi mengi ya maji matupu, ambayo hutiririka shavuni bila kulainisha jicho.

Hapa ndipo joto lina kazi ya kweli. Joto la nyuzi 40 hivi likikaa juu ya kope kwa dakika tano hadi 10 hulainisha mafuta yaliyoganda, nayo huanza kutoka. Kitambaa hupoteza joto ndani ya dakika mbili, hivyo lazima kichovywe tena na tena. Mashine hukaa na joto lilelile mpaka mwisho, na hiyo ndiyo faida yake halisi.

Faida nyingine haitokani na mashine. Aliyevaa kifaa hicho amelazimika kufumba macho, kuweka simu kando na kutulia kwa robo saa. Kwa mama ambaye siku nzima hajakaa chini, utulivu huo pekee ni nusu ya tiba.

Moshi, vumbi na sindano

Joto la jioni haliwezi kushindana na kinachoyaumiza macho kutwa nzima. Mtu aliyetulia hupepesa takribani mara 15 kwa dakika. Akikodolea skrini ya simu au kompyuta, idadi hiyo hushuka kwa nusu au zaidi. Kutunga uzi kwenye sindano, kusahihisha daftari na kufuata mshono wa cherehani navyo humsahaulisha mtu kupepesa, na macho hukauka bila yeye kujua.

Wanafunzi wa chuo kikuu cha kilimo na teknolojia chenye jina la Mwalimu Nyerere, Butiama, wanaosoma maandishi madogo kwenye simu hadi usiku wa manane wako katika kundi hilohilo.

Kando ya ziwa kuna moshi. Wanawake wanaobanika samaki husimama juu ya majiko ya kuni kwa saa nyingi, kisha hurudi nyumbani na kupika ugali kwenye mafiga matatu. Moshi huo huunguza macho na mapafu pia. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034 umelenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo mwaka 2034. Kwa nyumba ambayo bado haijamudu gesi, jiko lililo mahali penye hewa, kuni zilizokauka vizuri na mfuniko juu ya sufuria hupunguza moshi.

Wavuvi wa dagaa hukesha wakitazama taa kali juu ya maji meusi. Wanaovua na kuanika mchana hupigwa na jua linaloakisiwa na ziwa. Wachimbaji wadogo wa dhahabu Buhemba na waendesha bodaboda wa Bunda hupokea vumbi na upepo moja kwa moja usoni. Jua, upepo na vumbi vya miaka mingi vinaweza pia kuotesha kinyama kwenye weupe wa jicho kikielekea kwenye mboni. Kofia ya pama na miwani inayokinga mionzi ya jua vina kazi kubwa hapa kuliko mashine ya kukanda.

Kwa wanaofanya kazi ya kutazama karibu, wataalamu hupendekeza kanuni rahisi isiyo na gharama: kila baada ya dakika 20, inua macho utazame kitu kilicho umbali wa mita sita au zaidi kwa sekunde 20, huku ukipepesa. Fundi wa Musoma anaweza kutazama barabarani au ziwani. Anachohitaji ni kuiweka cherehani ikitazama nje badala ya ukutani.

Uchovu unaotaka miwani

Kuna uchovu ambao kitambaa cha moto hakiugusi. Mtu akivuka miaka 40, lenzi iliyo ndani ya jicho huanza kupoteza unyumbufu wake. Vitu vya mbali anaviona vizuri, lakini maandishi ya karibu yanafifia. Huanza kusogeza Biblia au Kurani mbali kidogo, kisha mbali zaidi. Humwita mtoto amtungie uzi. Ikifika saa kumi jioni, kichwa kinauma kwenye paji la uso.

Huu si ugonjwa, ni umri, na humfikia kila mtu. Hata hivyo, wengi huuita uchovu, wakanywa vidonge vya maumivu na kulala na kitambaa usoni. Fundi aliyekuwa akishona magauni ya harusi huanza kukataa kazi za mishono midogo, halafu huacha kabisa, wakati anachokosa ni miwani ya kusomea.

Hasara yake inapimika. Nchini Bangladesh, watafiti waliwapa miwani ya kusomea watu wa vijijini wenye umri wa miaka 35 hadi 65 ambao kazi zao zilihitaji kuona karibu, mafundi cherehani wakiwa miongoni mwao. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2024 yalionyesha kwamba baada ya miezi minane kipato chao kilikuwa juu kwa takribani theluthi moja kuliko cha wale ambao hawakuwa wamepewa.

Miwani ya namna hiyo huuzwa hata barabarani, na inaweza kumfaa mtu. Ubaya wa kununua bila kupimwa ni kwamba mnunuzi hukosa nafasi ya kuchunguzwa magonjwa mengine ambayo hayajaanza kuonekana.

Jicho lenye presha lisibanwe

Kubwa kati ya magonjwa hayo ni presha ya macho. Si presha ile inayopimwa mkononi. Ndani ya jicho kuna maji yanayozalishwa na kutoka kila wakati. Yasipotoka vizuri, mgandamizo hupanda na kuua taratibu mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo.

Aina yake iliyozoeleka haina maumivu. Mtu huanza kupoteza uoni wa pembeni, akajikwaa na kugonga milango, huku akiendelea kusoma gazeti vizuri. Anapogundua, sehemu iliyopotea hairudi kwa dawa wala upasuaji. Matibabu hulinda kilichobaki, na kwa wengi ni dawa ya matone ya kila siku maisha yote. Watu wenye asili ya Afrika, waliovuka miaka 40 na wenye mzazi au ndugu wa damu mwenye ugonjwa huo wako kwenye hatari zaidi.

Jicho linapobanwa au kufikichwa kwa nguvu, mgandamizo wa ndani hupanda hapohapo. Kwa jicho zima hilo hupita. Kwa jicho ambalo mshipa wake tayari umedhoofika, kulibana kila jioni ni kuliongezea mzigo. Kwa hiyo mwenye presha ya macho asitumie mashine yenye vifuko vya hewa bila ruhusa ya daktari wake. Vivyo hivyo kwa aliyefanyiwa upasuaji wa macho hivi karibuni, aliyewahi kupata tatizo la pazia la ndani ya jicho, na aliyeumia jicho kwa kupigwa au kuchomwa na kitu.

Kubana mboni kwa nguvu kunaweza pia kupunguza kasi ya mapigo ya moyo. Madaktari wamelijua hilo tangu mwaka 1908. Anayehisi kizunguzungu au kichefuchefu akiwa amevaa mashine hiyo aivue mara moja.

Mwenye kisukari naye awe makini. Sukari iliyopanda kwa muda mrefu huharibu mishipa midogo ya damu nyuma ya jicho, na dalili zake za awali hazionekani bila kupimwa. Anachohitaji kila mwaka ni uchunguzi wa macho, hata kama anaona vizuri.

Lini kutumia baridi, lini kuacha

Joto lina adabu yake. Macho yanayowasha sana kwa mzio, hasa ya watoto wanaoyafikicha kutwa nzima msimu wa vumbi, huzidi kuwasha yakipata joto. Hayo hutulizwa kwa kitambaa kilichochovywa kwenye maji safi ya baridi. Mtoto azuiwe kufikicha, kwa sababu kufikicha kwa miaka mingi kunaweza kubadili umbo la kioo cha mbele cha jicho.

Macho mekundu yenye matongotongo ni suala jingine. Januari 2024, Wizara ya Afya ilitangaza kuenea kwa ugonjwa wa macho mekundu nchini na kuwataka wananchi wasijitibu kwa dawa zisizo rasmi. Onyo hilo bado lina maana. Chai ya rangi, maziwa ya mama, mkojo na maji ya majani huingiza vijidudu kwenye jicho ambalo tayari linaugua, na vidonda vya kioo cha jicho vinaweza kuacha kovu la kudumu.

Hatari nyingine iko kwenye duka la dawa. Baadhi ya dawa za matone zina kemikali za jamii ya steroidi. Hizo huondoa wekundu haraka, na mgonjwa hufurahi, akairudia chupa mwezi baada ya mwezi. Zikitumika muda mrefu bila usimamizi zinaweza kupandisha presha ya macho na kuleta mtoto wa jicho. Dawa aliyopewa jirani kwa jicho lake isiingie kwenye jicho lako.

Namna ya kukanda kwa usalama

Kwa mwenye macho makavu, kope nzito au chokea, bila dalili za hatari, utaratibu wa nyumbani ni huu.

Nawa mikono kwa sabuni. Chukua maji yaliyochemshwa, hata kama ni ya bomba au ya ziwani, na uyaache yapoe mpaka yawe ya uvuguvugu. Yajaribu kwa ndani ya kifundo cha mkono kama unavyojaribu maji ya kumwogesha mtoto mchanga. Ngozi ya kope ni nyembamba kuliko ngozi nyingine mwilini na huungua upesi. Maji yanayouma mkono hayafai kwa jicho.

Chovya kitambaa safi cha pamba, kikamue, fumba macho na ukiweke juu ya kope. Kikipoa, kichovye tena. Endelea kwa dakika tano hadi 10. Kisha, kwa ncha ya kidole safi, papasa kope ya juu kuelekea chini na ya chini kuelekea juu, taratibu, ukigusa kope na si kubonyeza mboni. Malizia kwa kufuta ukingo wa kope. Mara moja au mbili kwa siku inatosha, na nafuu ya macho makavu huonekana baada ya wiki kadhaa za kufanya hivyo bila kuruka siku.

Mwenye mashine aanze na joto la chini na mgandamizo wa chini kabisa, au azime kabisa sehemu ya kubana. Avue lenzi za macho kama anazivaa. Asiitumie ikiwa kwenye chaji, asilale nayo na asimvishe mtoto. Akimaliza, uoni unaweza kuwa na ukungu kwa dakika chache, hivyo dereva asishike usukani wala fundi asirudi kwenye sindano mpaka aone sawasawa.

Kifaa kimoja, nyuso nyingi

Katika nyumba nyingi, kitu kizuri hakiwi cha mtu mmoja. Mashine iliyonunuliwa kwa ajili ya mama itamfikia baba, kisha shangazi aliyekuja kutembea, kisha mpangaji wa chumba cha pili. Kitambaa kinachogusa kope hubeba jasho, machozi na vijidudu kutoka uso mmoja hadi mwingine. Ndivyo macho mekundu yanavyozunguka nyumba nzima.

Ndivyo pia vikope vinavyosambaa. Ugonjwa huo wa maambukizi, ambao Tanzania imepambana nao kwa miaka mingi, hupita kwa mikono, nguo na nzi wanaotua kwenye nyuso chafu za watoto. Ukijirudia mara nyingi, kope hujikunja kwa ndani na nywele zake hukwaruza jicho mpaka linapofuka. Wanawake huathirika zaidi kuliko wanaume kwa kuwa ndio wanaokaa na watoto.

Kwa hiyo kila mtu awe na kitambaa chake, kifuliwe kwa sabuni na kuanikwa juani. Mashine ifutwe kila baada ya matumizi kama maelekezo yake yanavyosema, na mwenye macho mekundu asiiguse mpaka apone.

Jipime ukutani

Zipo dalili ambazo hazisubiri kukandwa hata siku moja: uoni kupungua ghafla, maumivu makali ya jicho pamoja na kutapika, kuona miale au pazia jeusi, kuona duara za rangi kuzunguka taa, jicho lililoumia, na mtoto mwenye weupe katikati ya mboni. Hizo ni za hospitali siku hiyohiyo.

Kwa mengine, njia huanzia kituo cha afya au hospitali ya wilaya, Bunda au Butiama, na kuendelea kwa rufaa hadi Hospitali ya Rufaa ya Mwalimu Nyerere mjini Musoma au Bugando jijini Mwanza. Mtoto wa jicho, anayewafungia ndani wazee wengi, huondolewa kwa upasuaji mfupi na lenzi mpya kuwekwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wasiopungua bilioni moja duniani wana upungufu wa kuona ambao ungeweza kuzuilika au bado haujashughulikiwa.

Leo jioni, kabla ya kitambaa au mashine, kila mmoja nyumbani asimame hatua sita kutoka kwenye kalenda ya ukutani. Azibe jicho la kushoto kwa kiganja bila kulibonyeza, asome tarehe, kisha azibe la kulia na asome tena. Wengi huishi miaka na jicho moja lililofifia bila kujua, kwa kuwa lingine linalibeba. Atakayeona tofauti kati ya macho mawili, au atakayeshindwa kusoma kile wenzake wanachokisoma, aende akapimwe kwanza. Kukanda kutafuata baadaye.